Kutoa skrinshoti za simu ukiwa kwenye kompyuta: maoni yangu kuhusu Platform-Tools na scrcpy

Kama kazi yako inataka skrinshoti nyingi za simu, yani labda unaandika maelekezo ya kutumia aplikesheni fulani, au unatengeneza ya kwako na unatafuta picha za kuweka Play Store, au developa kakwambia hebu nionyeshe hiyo hitilafu ilivotokea, basi achana na habari ya kubonyeza pawa na volyumu alafu ujitumie picha moja moja WhatsApp, kule picha zinabanwa na maandishi madogo yanapata ukungu, mtu anaeisoma anapata shida. Kuna vifaa vya madevelopa vinafanya kazi hii vizuri sana, ni vya bure, na huhitaji kujua kuandika kodi hata mstari mmoja. Mi navitumia kwa kazi za maelekezo na kiukweli siwezi kurudi nyuma.

Kitu cha kwanza kabisa niseme, maana hapa ndo wengi wanakata tamaa kabla hawajaanza: HUHITAJI Android Studio, ile programu kubwa ya Google ya kutengenezea aplikesheni. Maelekezo mengi yanakwambia udanlodi Android Studio nzima, ni magigabaiti, kompyuta yenye RAM ndogo inaanza kuhema, na yote hayo eti kwa ajili ya skrinshoti. Google wanatoa kifurushi kidogo kinaitwa SDK Platform-Tools, kipo kwenye tovuti yao ya developer.android.com, ni zipu ya megabaiti chache tu, ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Unaifungua kwenye folda yoyote, hakuna kuinstoli chochote, ndani yake kuna programu inaitwa adb na hiyo ndo tunayoitaka. Na tafadhali danlodi kutoka hapohapo kwa wenyewe, zile tovuti zingine zinazokupa adb yenye jina refu na matangazo kibao siziamini, hiki ni kifaa kinachoingia ndani kabisa ya simu yako.

Ukikuta maelekezo ya zamani yanataja DDMS, kifaa cha zamani kilichokuwa kinakuja na Android Studio, achana nayo, ile ilishaondolewa. Android Studio ya siku hizi ina kitufe chake cha kamera pale kwenye dirisha la Logcat, na ni kizuri tu, kinaweza hata kuizungushia picha fremu ya simu, ila kama hukuwa nayo tayari kwa kazi nyingine sioni sababu ya kuibeba.

Sasa simu yenyewe. Tangu Android 4.2 menyu ya madevelopa imefichwa, kwa hiyo unaingia setingi, kuhusu simu, unatafuta Build number (kwenye simu iliyowekwa Kiswahili ni Nambari ya muundo) alafu unaigonga mara 7 mfululizo mpaka ikwambie wewe sasa ni msanidi. Samsung wameiweka ndani zaidi, kwenye Software information, na Xiaomi unagonga ile sehemu yenye toleo la mfumo wao. Ukishamaliza menyu mpya inatokea, unaingia humo unawasha Utatuzi wa USB, basi. Chomeka waya, fungua terminali (lile dirisha la kuandika amri) kwenye ile folda, andika `adb devices` (kwa Mac, Linux na PowerShell unaanza na `./`, yani `./adb devices`, na amri zote zinazofuata ni hivohivo), na hapo ANGALIA SIMU sio kompyuta, kwa sababu simu inauliza kama unairuhusu kompyuta hii, na mpaka ukubali kule utaona neno unauthorized tu na hakuna kitakachoenda. Hili swali ni zuri sana, linamaanisha mtu akiokota simu yako ikiwa imefungwa hawezi kuichomeka kwake tu akaanza kuvuta vitu.

Orodha ikitoka tupu kabisa, washukiwa ni wachache. Wa kwanza ni waya, kuna nyaya nyingi zinachaji tu, hazina njia ya data ndani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, jaribu mwingine kabla hujagusa kitu chochote. Wa pili ni draiva, yani programu inayoifanya kompyuta iitambue simu, na hii ni Windows tu, unadanlodi ya kampuni iliyotengeneza simu yako au ile ya Google kwa simu za Pixel. Mac haihitaji draiva kabisa. Linux inaweza kukataa kwa sababu ya ruhusa, kwa Ubuntu na Debian ukiweka kifurushi cha android-sdk-platform-tools-common na jina lako likawa kwenye kundi la plugdev huwa inatulia. Alafu kuna ile ya kompyuta yenye adb mbili za matoleo tofauti, zinauana zenyewe kwa zenyewe kila ukiandika amri, tafuta ya zamani uifute.

Haya, amri yenyewe ndo hii, iandike mahali:

`adb exec-out screencap -p > picha.png`

Mstari mmoja, picha inatua moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta, PNG yenye pikseli zote za skrini, haijabanwa. Utakutana na watu wanaandika `adb shell screencap` badala ya exec-out, kwa simu za zamani hiyo ilikuwa inaharibu faili kwa sababu shell inachezea alama za mwisho wa mstari na picha inakuwa haifunguki, exec-out inapitisha baiti kama zilivo. Na kama uko Windows tumia Command Prompt ya kawaida, usitumie ile PowerShell inayokuja na Windows, maana ile alama ya `>` kwake inageuza kila kitu kuwa maandishi na faili linatoka bovu. Ukitaka kubaki huko huko kwenye PowerShell fanya kwa hatua mbili, `adb shell screencap -p /sdcard/picha.png` alafu `adb pull /sdcard/picha.png`, inaenda vizuri tu.

Faida ambayo sikuitegemea ni usafi wa picha. Ukipiga kwa vitufe vya simu kale kapicha kadogo kanabaki pale pembeni kwa sekunde kadhaa, ukipiga ya pili haraka na kenyewe kamo. Kwa adb simu haijui kama inapigwa picha, hakuna mlio, hakuna kapicha, menyu uliyoifungua inabaki imefunguka vilevile. Kwa Linux na Mac unaweza hata kulipa faili jina la tarehe na saa, `adb exec-out screencap -p > $(date +%Y%m%d-%H%M%S).png`, kila ukibonyeza mshale wa juu na enta unapata picha mpya na zinajipanga zenyewe kwa mfuatano uliozipiga, kwa mtu wa kuandika maelekezo yenye hatua nyingi hii ni raha isiyo na kifani.

Ila kitu kilichonifanya niandike haya yote ni demo mode. Unajua zile picha za matangazo ambapo saa ni ileile kwenye kila picha, betri imejaa na hakuna notifikesheni hata moja juu? Hakuna anaekaa kuzifuta kwa mkono, Android yenyewe ina hiyo kitu ndani tangu Android 6 na watu wengi hawajui. Unaanza na `adb shell settings put global sysui_demo_allowed 1`, alafu amri zote zinaanza hivi: `adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command` na mbele yake unaongeza unachotaka. Ukiweka `clock -e hhmm 0900` saa inaganda saa 9:00, ukiweka `battery -e level 100 -e plugged false` betri inaonekana imejaa na haichaji japo waya umechomekwa, na `notifications -e visible false` inaficha vile vialama vyote. Ukimaliza unaandika `exit` mambo yanarudi kawaida. Kuna simu ambazo mtengenezaji kabadilisha sana ule mstari wa juu na hazitii zote, ila kwa zinazotii tofauti yake inaonekana palepale, kurasa zako zinakuwa na heshima, na zaidi ya hapo hazimuonyeshi msomaji nani kakutumia meseji. Hilo la faragha mi nalipa uzito mkubwa kuliko hata urembo.

Kwa wanaopeleka picha Play Store kuna mtego mwingine. Masharti yao yanasema upande mrefu wa picha usizidi mara mbili ya upande mfupi, na simu nyingi za sasa ni 1080 kwa 2400, sasa piga hesabu, imezidi. Watu wanakata picha juu na chini wanaharibu muonekano. Badala yake andika `adb shell wm size 1080x1920`, simu inajipanga upya kwa ukubwa huo, aplikesheni inajichora vizuri ndani yake, unapiga picha zako, alafu `adb shell wm size reset`. Usisahau hiyo reset maana ukiiacha simu itabaki na muonekano wa ajabu. Wanataka angalau picha 2 kwa jumla na mwisho 8 kwa kila aina ya kifaa, na pande zote ziwe kati ya pikseli 320 na 3840, na iwe JPEG au PNG isiyo na sehemu zinazopitisha mwanga, kwa hiyo mi nageuza kuwa JPEG kabla ya kupakia na wala sihangaiki.

Kama amri za kuandika sio mtindo wako kabisa, chukua scrcpy. Hii imetengenezwa na Genymobile, ilitoka 2018, kodi yake iko wazi kwa yeyote, haina matangazo wala haitaki akaunti, na haiachi aplikesheni yoyote kwenye simu. Zipu yake ya Windows inakuja na adb ndani, unafungua, unabofya, skrini ya simu yako inatokea kwenye kompyuta na unaiendesha kwa mausi na kibodi. Simu inatakiwa iwe Android 5 kwenda juu, na kwa Android 11 kwenda juu inaleta mpaka sauti. Kopi na pesti inapita pande zote mbili, ukibonyeza Alt na o skrini ya simu inazima ila kwenye kompyuta inaendelea, na ukiburuta faili la APK (faili la kuinstolia aplikesheni) ukaliachia pale inaliinstoli. Kurekodi video nako ni `scrcpy --record video.mp4` tu na haina ule ukomo wa dakika 3 wa screenrecord, amri ya adb ya kurekodi skrini. Tatizo langu nayo kwa skrinshoti ni moja, ukikata picha ya dirisha lake unapata ukubwa wa dirisha sio wa simu, kwa hiyo inapoteza ukali. Ninavofanya mimi ni kuiendesha simu kwa scrcpy na kupiga kwa exec-out kwenye terminali pembeni, zinafanya kazi pamoja bila kugombana. Wa Xiaomi, kuna swichi ya pili ya utatuzi yenye maneno Security settings, bila kuiwasha utaona skrini lakini mausi haitagusa kitu.

Waya ukikuchosha, Android 11 kwenda juu inaunganishwa kwa waifai, menyu ileile ya wasanidi ina utatuzi usiotumia waya, inakupa anwani na namba ya tarakimu 6 unaandika kwa `adb pair` na baada ya hapo `adb connect`. Inaenda, ila inakatika katika mtandao ukiwa dhaifu, kwa kazi ndefu narudi kwenye waya.

Usitegemee miujiza kwenye aplikesheni za benki na za filamu. Zile zimewekewa kinga na wenyewe, picha itatoka nyeusi tii, kwa adb, kwa scrcpy, kwa vyovyote, na ni haki yao.

Wa iPhone mna njia fupi zaidi kama mna Mac: chomeka, fungua QuickTime Player, chagua rekodi mpya ya video, kwenye orodha ya kamera chagua simu yako, skrini inatokea hapo. Xcode, programu ya Apple ya madevelopa, nayo ina kitufe cha Take Screenshot kwenye dirisha la vifaa, ila ni programu kubwa mno na toka iOS 16 inabidi kwanza uwashe Developer Mode kwenye simu na iwake upya, kwa picha peke yake QuickTime inatosha.

Kwa nyota, Platform-Tools naipa 5 kati ya 5, scrcpy 4 na nusu kwa sababu ya lile la ukali tu. Na ukimaliza kazi zima Utatuzi wa USB, hasa kwa kuwa baadhi ya aplikesheni za benki zinagoma kufunguka utatuzi huo ukiwa umewashwa, na kama ulichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine bonyeza pia pale pa kubatilisha ruhusa za utatuzi, hapo kila kompyuta itabidi iombe upya.