Marumaru za bafuni: kabla hujalipa, soma ubavu wa boksi

Bafuni kwangu kuna ukuta wa rangi mbili. Usiku taa ikiwaka mgeni haoni kitu. Ngoja saa mbili asubuhi, jua likishapenya kile kidirisha: safu sita za chini ni maziwa, ya saba juu kabisa ni chai ya maziwa. Na ndiyo safu inayonitazama kila nikipiga mswaki.

Ilikuwa hivi. Fundi alipima bafu kwa macho akasema ninunue boksi tisa za ukutani. "Zinatosha mama, tena zitabaki." Hazikutosha. Nyingine zilivunjika kwenye kukata, tukafika safu ya sita tukaishiwa. Nikamtuma bodaboda Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, duka lilelile, na kipande mkononi. Akarudi na boksi tatu: jina lile, ua lile, sentimita 30 kwa 60 vilevile. Umeme ulikuwa umekatika, fundi akabandika kwa tochi ya simu. Asubuhi nikaona rangi. Mchana nikaona na jambo la pili: kila marumaru mpya ilikuwa ndefu kama milimita moja kuliko za mwanzo, kwa hiyo jointi, ile mistari kati ya marumaru na marumaru, za safu ya juu zilipofika kona zilikuwa zimepishana na za chini milimita tatu hivi. Ukishaiona hiyo huwezi kuacha kuiona.

Nilipoweka picha mtandaoni, nilidhani nitachekwa. Badala yake zikaja picha za watu, za Tukuyu, za Makambako, za Mafinga, kuta zenye ugonjwa uleule. Ndiyo maana mwongozo huu sitaongelea maua wala rangi inayoendana na sinki. Hayo mnayajua.

Geuza boksi ubavuni. Chini ya jina na kipimo utakuta namba nyingine zimepigwa mhuri, mara nyingi zimefifia. Moja ni bachi, yaani mkupuo wa kuchomwa kiwandani. Nyingine ni toni, yaani rangi hiyo imetoka iliyokolea au iliyopauka. Nyingine ni ya ukubwa halisi. Marumaru ni udongo, na udongo ukichomwa tanuruni husinyaa; leo kidogo zaidi, kesho kidogo pungufu. Kiwanda hakizitupi, kinazipanga kwa makundi na kuziandika. Kwa hiyo "30 kwa 60" iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni jina tu la familia, watoto hawalingani. Boksi zako zote, za mwisho hadi moja, ziwe na namba zilezile. Muuzaji akikwambia "ni zilezile tu", mwombe kipande kimoja cha kila boksi, vitoe nje uviweke chini juani vikiwa vimegusana. Ndani ya duka lenye taa moja kila marumaru ni nyeupe.

Kwa kuwa bachi ikiisha imeisha, hesabu lazima itoke sawa mara ya kwanza. Bafu langu ni mita 1.5 kwa 2.1. Mzunguko wa kuta ni mita 7.2, nikipandisha hadi mita 2.1 napata mita za mraba 15.12. Natoa mlango, 1.58, na kidirisha, 0.36. Inabaki karibu 13.2. Naongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, inakuwa 14.5. Boksi langu lina vipande 8, mita 1.44 za mraba. Gawanya: 10.07. Hiyo ni boksi kumi na moja, siyo kumi, na siyo tisa za macho ya fundi. Hiyo 0.07 usiidharau.

Ukitaka uhakika zaidi hesabu kwa safu. Chora ukuta kwenye daftari, weka marumaru zilizolala, ona kila safu inakula ngapi na kipande kinachokatwa kinafaa upande wa pili au kinatupwa. Kwangu kila safu ingekula 12, ukitoa mlango inakula 11. Mkitaka kuzipanga kimshazari, ongezeko liwe asilimia 15. Sakafu ni mita za mraba 3.15, kwa za 30 kwa 30, vipande 17 kwenye boksi, tatu zinatosha. Idadi ya vipande hubadilika kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo soma boksi lako, usinakili langu.

Haya, zipi sasa.

Ya kwanza kwangu ni Twyford, zinazotengenezwa Chalinze, na sijifichi kwamba nina upendeleo. Sababu ni hiyohiyo ya ubavuni: kwenye maduka ninayozunguka, Kabwe hadi Mafiati, hizi ndizo nilizozikuta zimerundikwa nyingi za mkupuo mmoja, boksi hadi boksi namba zinasomeka. Nilipofanya bafu la mama Uyole nilipata boksi kumi na nne za bachi moja bila kugombana na mtu. Sakafuni chukua zisizong'aa. Mwagia maji dukani, vua kiatu, kanyaga. Watu watakutazama, waache.

Ya pili ni Goodwill, za Mkuranga. Nazo ni za kwetu, maua yao ya ukutani huenda mazuri zaidi, mama yangu angezichagua hizo. Mimi nimezipanga chini kwa kuwa mara mbili nimekuta duka limebakiza boksi nne, tano. Ukikuta idadi yako kamili, nunua, sitakuzuia.

Tatu, za nje, India na China, na zile zinazoitwa za Hispania hata kama boksi linasema vingine. Nyingine ni nzuri kweli. Lakini zikiisha dukani, umeachwa kwenye mataa. Kama lazima, nunua boksi mbili za ziada uweke stoo.

Mwisho, za mabaki na rejekti, zile zinazopangwa nje ya duka kwa bei ya kutupa. Za banda la kuku.

Jambo moja kuhusu sakafu: usikubali kuuziwa ya ukutani iende chini. Geuza kipande, dondoshea maji mgongoni. Yakinywewa upesi, hiyo ni ya ukutani. Ya kauri ngumu kabisa hunywa maji chini ya asilimia 0.5, na ndiyo maana haishiki vizuri kwa niru, yaani uji wa sementi na maji, ambayo mafundi wengi bado wanaipenda. Hiyo inataka gundi ya mfuko. Kadiria kilo 5 kwa mita ya mraba. Kwa bafu kama langu ni mifuko minne ya kilo 25. Fundi akikwambia miwili inatosha, anapanga kubandika matonge matano kama maandazi, na katikati marumaru inabaki hewa tupu. Igonge baada ya wiki uisikie.

Grauti, ule unga wa kuziba jointi, ndipo mafundi wanapojipigia. Niliagizwa kilo 10. Kwa jointi za milimita 2 ukutani na 3 sakafuni, kilo 3 zilitosha kabisa. Saba zikaenda nyumba ya nani? Sijauliza. Na baridi ya huku Juni na Julai, grauti na gundi hukauka taratibu kuliko mfuko unavyosema, usiruhusu mtu aoge kesho yake.

Sasa niwaseme wauzaji. Boksi nyingine huja zimevunjika pembe ndani. Kutoka Pwani hadi hapa zimepanda mlima Kitonga juu ya lori, si ajabu. Cha ajabu ni muuzaji kukataa ufungue boksi mbele yake, halafu kwenye karatasi ameandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Zile boksi tatu zangu za rangi nyingine, nilijaribu kurudisha hata lile moja ambalo halijafunguliwa. Nikaambiwa, "Mama, wewe ndiye ulimtuma kijana, yeye ndiye alichagua." Nikauliza risiti, nikatajiwa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Nilipolipa mara ya kwanza sikupewa chaguo wala risiti, kwa hiyo sikuwa na cha kushika. Nikasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, nikaondoka.

Siku hizi nikinunua napiga picha ubavu wa kila boksi kabla halijapakiwa, namba zionekane, halafu namwambia muuzaji aandike bachi kwenye risiti. Mmoja alinicheka, akaandika. Bafu la mama lilipoisha yalibaki marumaru sita. Nimekata ubavu wa boksi kwa mkasi, nimeubandika kwa utepe juu yake, ziko uvunguni mwa kitanda chake Uyole. Ameshaniuliza mara mbili kama anaweza kuzitumia kuwekea masufuria.