Duka la kadi za Magic pale tao: nenda uangalie picha, kucheza ni baadaye

Wacha niseme mapema, mimi hii gemu ya kadi sichezi. Kazi yangu ni kupaka nganya, zile matatu za michoro, erbrashi na spreyi, na hizi kadi za Magic: The Gathering nazitafuta ju ya michoro tu. Kwa hivyo ka unataka kujua wako na mashindano Ijumaa ama hawana, uliza mtu mwingine. Duka lenyewe ni dogo, liko ghorofani upande wa Tom Mboya Street, Nairobi, lifti ni ya kuangaliwa tu, unapanda ngazi mpaka uskie harufu ya chipo za jirani ndo ujue umefika.

Kitu imenifanya niandike ni albamu zao. Kwingine kote nimeona kadi zikipangwa kwa rangi ama kwa bei, hawa wamepanga kwa mchoraji. Kila kadi ya Magic iko na jina la mchoraji pale chini, tangu gemu itoke 1993, na mwenye duka ameamua kufuata hayo majina. Huyo apewe soda. Maana ukikaa na kazi ya mtu mmoja, peji baada ya peji, unaanza kuona mkono wake ulisomea wapi.

Chukua Rebecca Guay. Rangi za maji, wanawake wa nywele ndefu, maua, nguo zinapepea, hata ile kadi ya Bitterblossom ya 2008 ambayo wachezaji wanaiogopa bado imechorwa kwa upole. Nyuma yake unawaona kabisa wale vijana wa London walioanzisha kikundi chao cha wachoraji 1848, kina Rossetti na Millais, huyu Millais ndo alichora Ophelia akielea mtoni na maua yake. Quinton Hoover naye ni laini, mstari mweusi unamzunguka mtu mzima alafu ndani nywele na mikunjo ya nguo inajipinda pinda, na hapo moja kwa moja unamfikiria Alphonse Mucha na mabango yake ya Paris ya miaka ya 1890.

Sasa kwa Mucha ndo kuna kitu ukishaiona mara moja huwezi acha kuiona, ile duara nyuma ya kichwa. Malaika anayo, mchawi anayo, malkia anayo, saa ingine ni mwezi, saa ingine ni jua, saa ingine ni ngao tu imewekwa hapo kwa ujanja. Mucha hakuibuni, imetoka kwa picha za kanisa za zamani sana, na huhitaji kwenda Ulaya kuiona. Ingia hoteli yoyote ya Wahabeshi hapa Kilimani uangalie ukuta, kuna nafasi kubwa utampata Mtakatifu George juu ya farasi mweupe, dhahabu imemzunguka kichwa, mkuki umeingia kwa joka, na msichana amejificha juu ya mti. Hiyo picha moja iko na kila kitu hizi gemu zinauza mpaka leo. Tofauti ni kwamba pale kanisani joka liko chini ya kwato. Kwa kadi joka limepanda juu, cheki Shivan Dragon ya Melissa Benson ya 1993, jekundu, liko juu ya miamba na mabawa yake, na yule wa farasi hayuko tena. Wametoa mshindi wakabaki na joka, na ukiuliza mteja yeyote wa nganya atakwambia hata yeye analipia joka, mtakatifu hamtaki.

Picha ingine inajirudia mpaka inachosha ni mtu amesimama kwa mwamba ametupea mgongo, ukungu mbele yake. Huyo ni wa Caspar David Friedrich, Mjerumani, alimchora karibu 1818 na yuko Hamburg mpaka leo. Wachambuzi watakuelezea upweke na ukuu wa maumbile, sawa, lakini kadi ni milimita 63 kwa 88 na picha inachukua kama nusu ya hiyo, na uso kwa nafasi ndogo hivyo ni kazi ya jehanamu. Mgongo hauna macho ya kukosea. Mimi mwenyewe mteja akileta nusu ya deposit namgeuza mtu wake aangalie huko.

Albamu yenye haijafuata mchoraji, ile ya Mirage, seti moja nzima ya kadi, ndo ilinikalisha. Hii ni ya 1996, wametunga nchi yao inaitwa Jamuraa yenye sura ya Afrika, na lazima niwape heko, watu weusi humo ni mashujaa na wachawi wakubwa, wamevaa wakavalia, hawajawekwa kama mapambo nyuma ya mzungu fulani. Kwa 1996 hiyo si jambo dogo. Majina nayo, Rashida, Jabari, Burning Shield Askari, ni kama umesoma rejista ya darasa. Fisi wapo, vifaru wapo. Alafu unamfikia Zuberi. Zuberi ni grifini. Kichwa cha tai, mwili wa simba, mnyama wa Wagiriki na Waajemi, na hayuko peke yake, hiyo seti imejaa grifini, ongeza minotaur, yule mtu wa kichwa cha ng'ombe, na cyclops, jitu la jicho moja, na majoka, angalau moja kwa kila moja ya rangi tano za gemu. Yaani wamekuja mpaka huku, wakachora watu wetu vizuri kabisa, wakachora mpaka vumbi, alafu ilipofika saa ya kutisha watu wakarudi kwao kuchukua silaha. Nunda mla watu, yule mnyama wa hadithi zetu, hayuko kwa hiyo albamu, niliipitia yote. Bado ndo seti ningenunua nzima ningekua na doh, lakini inaniudhi.

Pia uliza wakuonyeshe Stasis ya Fay Jones, shangazi ya Richard Garfield mwenye alibuni gemu. Ni msanii wa nyumba za sanaa, na kadi yake haifanani na ingine yoyote ya wakati huo. Wengi wanaicheka. Mimi naiweka kwa tano bora.

Kitu ingine poa, kijana wa kaunta anakuazima lenzi ndogo ya sonara ukiomba. Ukiangalia kadi ya kweli kwa hiyo lenzi picha inavunjika inakua madoadoa ya rangi yamejipanga, na ukigeuza mgongo wa kadi, kwa ile duara ya kijani, unapata nukta nne nyekundu zimekaa kama herufi L. Feki nyingi hapo ndo zinashikwa. Alinionyesha bila kuulizwa, alafu nikataka kutoa moja kwa plastiki niione vizuri akasema, "Mkubwa, hiyo ukiitoa umenunua." Haki yake.

Mabaya sasa. Taa ni mbaya, mbaya kabisa, balbu moja nyeupe inapiga plastiki unaona uso wako badala ya picha, na plastiki zenyewe zingine zimekua za njano. Viti ni viwili na wachezaji hukalia vyote. Bei za kadi za kawaida ni sawa, mia mia hivi, lakini ile zenye zinametameta zimewekwa bei ya kuwatoa watu machozi, na nyingi ni mbaya kuliko za zamani, mng'aro unaua rangi za giza zote. Mabango waliyotundika ukutani usinunue, yamekuzwa kutoka kwa picha ndogo, yamepasuka pasuka.

Nenda asubuhi saa nne kabla wachezaji waingie, beba tochi ya simu yenye chaji, uliza albamu za wachoraji kwa sababu hazikai mbele. Na ukilipa ni M-Pesa, chenji hawanaga.