TAHADHARI: Makinda wa "kasuku wa kijivu" wanaouzwa Dodoma

Ndugu wafugaji wa ndege, naomba mjihadhari na muuzaji anayetangaza makinda wa kasuku wa kijivu kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dodoma, akipokea fedha kwa simu na kuwakabidhi ndani ya boksi la viatu kandokando ya stendi. Mwezi Juni nilimlipa shilingi 240,000 kwa makinda wawili ambao manyoya yao ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Alinipa pia kifuko cha unga kisicho na maandishi, akidai kuwa ni chakula maalumu na kwamba kasuku anayelishwa kwa mkono tangu utotoni huwahi kusema.

Unga ule ulikuwa wa mtama mtupu, nao haumtoshelezi protini kinda anayeota manyoya. Baya zaidi ni maelekezo yake: "Vuguvugu inatosha, wasukumie kwa bomba la sindano mpaka washibe." Chakula cha kinda kinatakiwa kiwe na joto la nyuzi 39 hadi 41 za Selsiasi, kwani kikipoa hudumaa katika kifuko kilicho chini ya shingo, na kikizidi sana humuunguza. Asubuhi ya siku ya tatu, baada ya usiku wa baridi yetu ya Juni, kifuko cha yule mdogo kilikuwa bado kimejaa uji wa jana yake, kigumu kama donge, mdomo ukinuka uchachu, naye akafia kiganjani mwangu kabla ya saa nne. Daktari wa mifugo niliyempelekea mwenzake alinieleza kwamba kusukuma chakula kwa haraka hukipeleka mapafuni, na kwamba kinda aliyepata baridi hawezi kukimeng'enya hata kiwe kizuri namna gani.

Huyo aliyepona sasa ana mwili wa kijani, kichwa cheusi na shingo ya njano. Ni cherero, kasuku mdogo wa pori letu hili hili, anayetaga kwenye matundu ya miti, ilhali kasuku wa kijivu huota mkia mwekundu tangu akiwa kinda. Kumkamata au kummiliki cherero bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo hasara inaweza kumfuata hata mnunuzi aliyedanganywa. Mimi nimekwisha kujisalimisha kwa maofisa wanyamapori na kuwaeleza yote.

Namba yake haipatikani tena. Hata hivyo, juma lililopita picha ile ile ya makinda ndani ya beseni la bluu lenye ufa ilitumwa kwa namba nyingine, bei ikiwa imeshuka hadi shilingi 90,000 kwa kinda mmoja. Mkiiona, tafadhali msitume fedha, na mwonyesheni ofisa wanyamapori namba hiyo kabla haijafungwa.