Hapkit: mpini unaokugusisha kitu kisichokuwepo

Karibuni tena jamani, tuko Shangani hapa Mtwara, na leo mezani kuna Hapkit, kifaa kidogo chenye mpini na mota kinachoufanya mkono uhisi kitu kisichokuwepo. Ramani zake zimetoka kwenye maabara ya Profesa Allison Okamura, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na ziko wazi mtandaoni. Vipande hivi vya plastiki vimetolewa na printa ya 3D. Tazameni: nasukuma mpini kulia, kushoto, unakwenda kiulaini. Sasa nawasha programu ya ukuta. Nasukuma tena... mmeona mkono ulivyogoma? Na hapa mbele hakuna kitu.

Inakuwaje? Kwenye mhimili wa mota kuna sumaku ndogo, kihisio kinaisoma, na bodi, yaani kompyuta ndogo ya kifaa, inajua mpini uko wapi. Ukiuvuka mstari wa ukuta, bodi inapima umezama kiasi gani, inazidisha na ugumu wa ukuta, na jibu ndiyo nguvu ambayo mota inakurudishia. Hesabu hiyo hurudiwa kama mara 1000 kwa sekunde. Jicho linatosheka na picha 30 za video kwa sekunde, mkono hautosheki. Ukiweka ugumu mkubwa kuliko kasi ya bodi inavyoweza kuumudu, ukuta wenyewe unatetemeka. Sikilizeni, naupandisha... drrrr! Hiyo hapo.

Nilimwita jirani yangu, mzee fundi wa vinyago, achonge hewa kidogo. Akaushika mpini kwa ncha za vidole, akagonga, akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, mpingo haubonyei. Huu mwembe, tena mbichi."

Shikamoo yake, maana amegusa penyewe! Ukuta wa namna hii hausukumi mpaka kwanza uzame ndani yake, kwa hiyo lazima ubonyee. Wabunifu wana mbinu: mpini unapogusa tu ukuta, mota itoe mtikisiko mfupi, kama ule unaopanda mkononi ukigonga mti mgumu kweli. Nikaiongeza kwenye programu, nikampa tena. Akagonga. Akagonga tena, safari hii ameinama kabisa. "Hapa sasa umekaribia."

Mimi hapo ndipo kifaa hiki kiliponikamata. Mota ni ileile, nguvu ileile, lakini mti umebadilika.

Kasoro zipo. Uzi unaozunguka mota na kuuvuta mpini ukilegea kidogo tu, mpini unacheza na ukuta unapoteza makali. Halafu ni kwenda na kurudi basi. Huwezi kuzunguka kinyago. Kwa kazi hiyo kuna kifaa kiitwacho Touch, kilichotolewa na kampuni ya 3D Systems, unaishika kama kalamu na inakusukuma pande zote tatu, ila bei yake ni maelfu ya dola.

Kwa anayeanza, chukueni Hapkit bila wasiwasi. Mkitafuta mota kwenye printa kuukuu, chagueni ya DC (umeme kama wa betri) isiyo na giaboksi. Gia zinakwaruza, na mkono utausikia mkwaruzo huo hata pale programu inaposema hakuna kitu.