Quarto kwa ripoti za korosho: inafaa, ila ichunge freeze

Kwa mtakwimu wa Mtwara anayetoa ripoti baada ya kila mnada wa korosho, Quarto, programu ya kutengenezea ripoti, ni ya kuwa nayo. Ni ya bure, maelezo na kodi (code, yaani maagizo ya kukokotoa) hukaa faili moja, na data ikibadilika wastani ulio ndani ya sentensi hubadilika pia, mradi umeuita kwa kodi badala ya kuuandika kwa mkono.

Hatari iko kwenye mpangilio wa `freeze: auto`, unaohifadhi matokeo ili kodi isiendeshwe upya kila mara. Ukitoa (render) ripoti za mradi mzima, kodi huendeshwa upya pale tu faili la .qmd lenyewe, lile lenye maelezo na kodi, limeguswa. Ukiingiza bei mpya za Tandahimba kwenye CSV (faili la data) bila kugusa .qmd, ripoti itatoka safi kabisa, ina bei za mnada uliopita, na hakuna onyo lolote. Kwa ripoti ya bei hilo ni jambo zito. Toa ripoti ya faili hilo peke yake kwa `quarto render ripoti.qmd`, maana hapo kodi huendeshwa kila mara, au futa folda `_freeze` yenye matokeo yaliyohifadhiwa.

Kwenye sampuli ya wakulima, `set.seed()` pekee, amri ya R (lugha ya takwimu) ya kufanya uchaguzi wa nasibu ujirudie vilevile, haitoshi: R 3.6.0 ya 2019 ilibadili namna `sample()` inavyochagua, hivyo namba ileile hutoa wakulima wengine kwenye R ya zamani. Ongeza renv, kifurushi (nyongeza) cha R. `renv::snapshot()` huandika matoleo ya vifurushi, na mwenzako wa Lindi huyarejesha kwa `renv::restore()`. Haisakinishi R yenyewe. Hiyo mlinganishe wenyewe. Na upakuaji unakula bando, ufanyeni kabla ya kwenda vijijini.