Uzoefu wangu: jioni ya ligi ya skwoshi Nakuru, tulitoka Kisumu watu watano

Ijumaa iliyopita tulikodi gari Kisumu, tukapita Ahero, Kericho, tukakwama nyuma ya malori hapo Salgaa karibu nusu saa, tukafika Nakuru saa kumi na moja jioni miguu imekufa ganzi na mechi ya kwanza ni saa kumi na mbili. Mechi ya kwanza ilikuwa yangu, mimi ndio namba tano wa timu. Klabu sitaitaja jina kwa sababu kuna mambo hapa chini nitayasema na sitaki ionekane nawachafulia watu waliotupokea vizuri.

Skwoshi ni watu wawili ndani ya korti ya kuta nne wanapokezana kuupiga mpira kwa raketi kwenye ukuta wa mbele, na kama hujawahi kuona ligi ya klabu, inaenda hivi: kila timu inaleta watu watano waliopangwa kwa uwezo, namba moja anakutana na namba moja, namba tano na namba tano. Kila mechi ni gemu tano, anayechukua tatu kwanza ameshinda, na gemu ni pointi 11 lakini mkifika 10 kwa 10 lazima mtu aongoze kwa mbili. Korti zao ziko mbili ila moja taa zilikuwa zimekufa, kwa hivyo mechi zote tano zilichezwa korti moja na tukamaliza saa nne na nusu usiku. Ni ndefu, bebeni sweta kabisa, Nakuru usiku si Kisumu.

Na hiyo baridi si ya mwili tu, inaingia mpaka kwenye mpira. Sisi huku kwa joto la ziwa ule mpira wa nukta mbili za manjano, ule mzito usioruka sana ukiwa baridi, ukiupiga dakika mbili tu tayari uko moto unaruka. Kule tuliupiga tukaupiga, ukawa kama umekufa, ukigonga ukuta wa nyuma unaanguka tu hapo hapo. Gemu ya kwanza nikaenda nayo kwa dropu fupi fupi, yaani kuugusa mpira ufie karibu na ukuta wa mbele, 11 kwa 6, nikaona leo kazi ni nyepesi. Kumbe ukishapata moto ndio unajua Nakuru iko juu, kama mita 1,850 hivi na Kisumu ni 1,130 hivi, hewa ni nyepesi, mpira unakimbia na pumzi haitoshi. Gemu ya pili na ya tatu lobu zangu zote, shoti za juu kwenda nyuma ya korti, zilikuwa zinatoka nje juu ya mstari wa nyuma, zile zile lobu ambazo nyumbani zinaanguka kwa kona vizuri. Mtu wa Kisumu akienda huko afike mapema apige mpira peke yake angalau dakika 20, asitegemee zile dakika chache za kupasha na mpinzani.

Tukawa gemu mbili kwa mbili, tukafika gemu ya tano, 9 kwa 9. Shoti yangu ikalegea, mpira ukarudi katikati ya korti ukanipita kidogo tu, jamaa yuko nyuma yangu raketi iko juu, mimi niko kati yake na ukuta wa mbele. Akasimamisha mkono, hakupiga. Refa, mzee mmoja wa hapo klabuni, akasema stroki, pointi kwake. Niliwaka! Kwangu ile ilikuwa leti, turudie. Nikamuuliza mbona, akanijibu kwa upole, "Kijana wangu, cheza, tutaongea ukitoka." Pointi iliyofuata nikagonga bati, ule ubao wa chini kwenye ukuta wa mbele ambao ukiugonga pointi ni ya mpinzani. 11 kwa 9, nimepoteza, natoka hapo nimenuna.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike hii yote. Utaratibu wao ni kwamba ukimaliza mechi yako unaenda kuhesabu pointi na kuamua mechi inayofuata. Huku kwetu mtu anakaa anahesabu na simu mkononi halafu kelele zinaanza. Mzee aliniketisha kando yake pale juu anapokaa refa, akaniambia leo wewe ndio refa mimi nakusaidia. Kila mtu akiomba leti ananiuliza kwanza mimi, umeona nini? Halafu ananielekeza pole pole, swali la kwanza angeufikia mpira? Kama hangeufikia hata korti ingekuwa tupu, hakuna leti. Angeufikia lakini kuna mtu njiani aliyekuwa anajitahidi kutoka, rudieni. Amezuiwa kupiga moja kwa moja kwenda ukuta wa mbele, ama pigo lilikuwa la kumaliza kabisa, stroki, hakuna kujadiliana. Nimecheza skwoshi miaka mitatu na hakuna mtu aliwahi kunikalisha akanieleza hivyo. Katikati ya gemu ya pili nikamwambia jaduong' (mzee kwa Kijaluo), ile yangu ilikuwa stroki kweli. Akasema yule kijana angepiga angekupasua mgongo, mshukuru. Nilienda nikamshukuru.

Namba nne wetu akashinda na nikamhesabia mimi mwenyewe.

Lalamiko langu ni sakafu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, kuta zikaanza kutoa jasho, na ile kona ya nyuma kushoto ikawa inateleza. Tulisema mapema, ikapigwa mopu mara moja basi. Namba tatu wetu, dada ambaye alikuwa anaongoza gemu mbili, akateleza hapo kifundo cha mguu kikapinda, mechi ikaishia hapo. Hakukuwa na sanduku la huduma ya kwanza, barafu ikabidi tuombe jikoni. Sakafu ikiwa na maji mechi isimamishwe, hata kama ni saa tatu na watu wanataka kwenda nyumbani, kifundo cha mtu ni muhimu kuliko ratiba.

Na miwani jamani. Kulikuwa na vijana wawili wa sekondari wanapiga piga wakati wa mapumziko, wazuri sana, wanaongea habari ya Olimpiki ya Los Angeles 2028 maana skwoshi itakuwepo kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyevaa miwani ya kukinga macho. Mpira wa skwoshi ni kama milimita 40, unaingia sawasawa kwenye tundu la jicho. Wazazi wanunue, klabu ziwe na za kuazima.

Namba mbili akashinda, namba moja wetu akapigwa 3 kwa 1, jumla tukapoteza 3 kwa 2. Baadaye chapati, maharagwe, mbuzi kidogo na chai ya moto, wageni hatukulipa chochote. Nyota nne, ile ya tano wataipata wakitengeneza taa na sakafu.

Marudiano ni kwetu. Barafu na bandeji nimeshapanga, dada anaendelea vizuri lakini hatacheza, na mzee nimempigia simu nikamuomba aje siku moja mapema akae na timu yetu yote pale juu tufundishwe. Amekubali, ameuliza tu kama samaki atakuwepo.