Kabla hujanunua boksi kubwa la pikipiki, liangalie bomba la moshi

Nilisimama Makuyuni kununua maji, nikasikia harufu ya plastiki. Dumu la lita tano ndani ya boksi la kulia lilikuwa limelegea upande mmoja kama papai lililolaliwa, na unga wa ugali uliokuwa jirani yake umeanza kuwa kahawia. Boksi lilikuwa jipya na bomba la moshi halina tundu. Kosa lilikuwa langu: niliponunua nilisoma lita, nafasi kati ya boksi na bomba la moto sikupima.

Pikipiki nyingi za safari tunazoziona Arusha na Moshi, V-Strom 650, Transalp 700, Africa Twin, zina sailensa, lile kopo la mwisho la bomba la moshi, moja nene upande wa kulia. Fremu ya kubebea boksi inabidi iizunguke, kwa hiyo boksi la upande huo ama linachomoza nje kama kiwiko, ama linakuwa dogo. V-Strom 1000 za zamani zina sailensa pande zote mbili, na mwenye nayo kila tatizo humu analo mara mbili. BMW R1200GS ina mtego wake: zile za kabla ya 2013 zina sailensa kushoto, na toleo lililoanza kupozwa kwa maji, la 2013, likaihamishia kulia. Ukitaka kununua fremu na maboksi ya mtumba kwa msafiri anayemalizia safari yake huku, uliza mwaka wa pikipiki yake kabla ya kuuliza bei.

Halafu chukua katoni, kata na gundisha mpaka ipate vipimo kamili vya boksi unalolitaka, ifunge kwenye pikipiki kwa kamba, na nyingine upande wa pili. Mpandishe abiria, tazama kisigino chake kinagusa wapi. Pima kutoka ukingo wa nje wa katoni moja hadi wa nyingine, ulinganishe na upana wa usukani. Mimi nataka maboksi yasipite usukani, maana mahali ulipopitisha usukani unaamini na mkia utapita.

Sasa nipange njia za kupata nafasi ya boksi, kuanzia ninachoona kinalipa zaidi.

Cha kwanza, bila kusita: acha sailensa yako ya asili, tengenezesha bomba jipya la kati. Hilo ndilo linalotoka chini ya injini kwenda kwenye sailensa, na ukilibadilisha pembe, sailensa inashuka sentimita kadhaa na kuingia ndani kuelekea gurudumu. Boksi linakaa juu yake badala ya kugombania nafasi nayo. Nasema jipya kwa makusudi. Fundi atakwambia, "Bosi, tukate hapa tu, tuzungushe, tuchomelee." Mara nyingi inawezekana kweli, lakini bomba la asili likishakatwa huna pa kurudi, na atakayekuja kuinunua pikipiki ataliona. La asili lifunge kwenye gunia, liweke chini ya kitanda.

Omba stenlesi, kipenyo cha ndani kile kile cha asili. Bomba jembamba linaikaba injini na utalihisi ukianza kupanda mlima na mzigo. Kona zisiwe zimebonyea. Fundi anayejua hujaza mchanga mkavu, huziba ncha, hupasha moto ndipo akunje, au hununua kona zilizokunjwa tayari. Kama bomba la pikipiki yako lina sensa ya oksijeni au katalisti (kisafisha moshi), bomba jipya lianzie nyuma ya vyote viwili.

Kuchomelea kuwe kwa agoni, gesi inayoukinga mshono na hewa, nayo ipitishwe na ndani ya bomba pia. Isipopitishwa, upande wa ndani chuma kinafanya chenga kama sukari guru. Kwa nje mshono utauona mzuri, ndani ni mahali pa kuanzia ufa. Nilikata kipande cha bomba langu la kwanza nikakionyesha kwa fundi wa pili, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, akakipitisha kidole, akacheka, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hakuongeza neno. Pointi mbili tatu za kushikiza zinaweza kupigwa bomba likiwa limefungwa, betri ikiwa imechomolewa. Mshono wenyewe upigwe mezani.

Hilo bomba la kwanza lilinifundisha jambo lingine, tena pabaya, njia ya kwenda Ngare Sero, tukiwa tumeshaipita Engaruka. Pancha ya nyuma. Si kitu, nina mpira wa akiba na pampu. Nikafungua nati ya ekseli, nikaigonga, ekseli ikatoka kama nusu shubiri, ikagota kwenye sailensa. Fundi alikuwa ameishusha sawasawa mbele ya mahali ekseli inapotokea, na mimi siku ya kulipa nilikuwa nashangaa tu boksi lilivyokaa vizuri. Ikabidi nitoe boksi, nitoe fremu, kisha nisubiri sailensa ipoe juani saa nane mchana, jambo ambalo halitokei upesi. Vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa na mbuzi walikaa wakanitazama kazi nzima, kwa heshima, kama watu walio msibani.

Kwa hiyo siku ya kuchukua pikipiki, usiondoke hapo kwa fundi kabla ya majaribio mawili. Chomoa gurudumu la nyuma na ulirudishe bila kugusa sailensa. Kisha fungua bolti ya chini ya shokapu, inua gurudumu kwa mkono mpaka linapoishia. Kwenye V-Strom 650 gurudumu hupanda karibu sentimita 15, na kinachoonekana kina nafasi pikipiki ikiwa imesimama kinaweza kugongwa ukidumbukia korongoni na mzigo. Kati ya sailensa na kitako cha boksi acha sentimita mbili au tatu za hewa, na ufunge bati la kukinga joto kwa washa ndefu, lisilalie boksi. Ukubali pia kwamba sailensa iliyoshuka iko karibu zaidi na mawe na maji. Ukivuka maji, usiache injini izime.

Cha pili, nacho ni kwa asiyetaka kumsumbua fundi: maboksi mawili yasiyolingana. Dogo upande wa sailensa, kubwa upande wa pili. Givi Outback ipo ya lita 37 na ya 48, Touratech Zega ya 31, 38 na 45, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kununua pacha. Watu wanaogopa pikipiki itavuta upande mmoja. Haivuti ukipanga kwa uzito: spana, mipira na cheni ya akiba kwenye dogo, hema, blanketi na nguo kwenye kubwa. Kumbuka tu kwamba lita si kilo. Kwa maboksi yake mengi ya pembeni Givi huandika kikomo cha kilo 10 kila moja, na mkungu mmoja wa ndizi za Marangu unaweza kukimaliza. Kama safari zako ni Moshi na Arusha kwa lami, na mara moja kwa mwaka Tanga, ishia hapa.

Sailensa fupi ya kununua naiweka ya tatu, na najua wapo watakaonuna. Inapunguza uzito na inaonekana vizuri. Lakini yenye jina inakwenda mamia ya dola kabla hujalipa usafiri na ushuru, na nyingi hukaa kwenye pembe ile ile ya asili: inakuwa fupi na nyembamba, haishuki. Kabla ya kulipa, tafuta picha ya pikipiki kama yako yenye sailensa hiyo hiyo na fremu hiyo hiyo. Kelele nayo ihesabu. Saa nne asubuhi Sakina, hapa mjini Arusha, inafurahisha. Saa sita za barabarani ni kichwa kuuma.

Mabegi laini ya turubai zito nayatumia kwenye vumbi na mchanga, kwa sababu ukianguka hayakubani mguu. Yanakubali umbo la sailensa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani yanailalia. Bila fremu na bati la kuyazuia, usiyanunue.

Kukata boksi la alumini na kulitengenezea pango la sailensa ni kazi nzuri mikononi mwa fundi hodari wa agoni, ila unapoteza lita ulizozilipia na pango linavuja vumbi. Chochote utakachochagua, petroli ya akiba isikae upande wa bomba.

Cha mwisho kabisa ni vile vipande vya kusogeza boksi nje, vya bei rahisi kuliko vyote. Nilivifunga kwa wiki mbili. Bolti zilizokuwa fupi na ngumu zikawa ndefu, kila shimo la barabarani likawa linazipinda, na fremu ikaanza kupiga kelele kama kitanda cha gesti. Siku moja narudi kutoka kwenye nyama choma za Kwa Mrombo nimeshiba, nikaingia getini kwangu kama kawaida. Usukani ulipita. Boksi la kulia lilibaki na rangi ya geti, na geti mpaka leo lina mchoro mrefu wa alumini usawa wa goti.